Kamera kwenye mwendokasi, na tuanze na mashangingi

Nimekuwa kimya siku nyingi humu, kazi zilinibana. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Jumanne asubuhi nilipanda mwendokasi Kimara kwenda Gerezani. Nimesimama, kama kawaida, begi kifuani, mkono mmoja kwenye bomba na kwapa la mtu liko jirani na pua yangu. Safari ikaenda vizuri kabisa mpaka Fire. Morogoro Road pembeni yetu magari yamelala, sisi tunapeta. Nikasema moyoni, hii ndiyo raha ya huu mradi, siku ukifanya kazi unaweza kumsamehe mtu yeyote.

Tukakunja kuingia Mtaa wa Msimbazi, basi likasimama. Hapakuwa na kituo wala taa nyekundu. Mbele yetu, ndani ya njia ya mabasi, kulikuwa na shangingi jeupe limewasha taa za tahadhari, ndani hakuna mtu. Dereva wetu akapiga honi. Akapiga tena. Kulipita ilibidi asubiri mabasi ya upande wa pili yapungue ndipo ajiibie, maana njia ni moja kwa kila upande, na upande wa pili nao ulikuwa unaleta mabasi. Nyuma yetu basi jingine likaja kusimama.

Baadaye akatokea jamaa mmoja kutoka madukani, shati limechomekwa vizuri, amebeba katoni begani. Hakukimbia. Mama mmoja aliyekuwa dirishani akamwambia, "Mheshimiwa, tutolee gari, watu tuna safari." Jamaa akainua mkono, akajibu bila kugeuza shingo: "Dakika mbili tu, mama, mbona mna haraka hivyo?" Akafungua buti, akapanga katoni yake taratibu kama anayepanga mayai, akaondoka. Namba za gari zilianza na herufi S. Mengine malizieni wenyewe.

Nikafanya hesabu palepale, maana sikuwa na cha kufanya. Basi lile refu, likijaa saa za asubuhi, halikosi watu 120. Tulisimama dakika 4. Mia na ishirini mara nne ni dakika 480, yaani saa 8. Hiyo ni siku nzima ya kazi ya mtu mmoja. Jamaa ameichukua siku nzima ya mtu, akaiweka kwenye buti pamoja na katoni, na akaona tunamsumbua. Hapo sijahesabu basi la nyuma.

Sasa nataka kusema jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu wenye magari. Mabasi haya yafungwe kamera. Sio kamera za juu ya nguzo peke yake, kamera ndani ya basi, kwenye kioo cha mbele, zinazosoma namba ya gari lolote lililoegeshwa kwenye njia ya mabasi na kupeleka deni kwa mwenye gari. Na zikifungwa, watu wa kwanza kutumiwa deni wawe hawa wa herufi S.

Kwanza tukumbushane tumetoka wapi. Mabasi haya yalianza kubeba abiria Mei 2016, na Januari 2017 Rais Magufuli akazindua rasmi awamu ya kwanza: karibu kilomita 21, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Tulikopa Benki ya Dunia. Tukabomoa nyumba na vibanda vya watu kando ya Morogoro Road. Tukamwaga zege katikati ya barabara kuu ya mji na kusema, hapa ni pa mabasi tu. Jiji likapewa hata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, wageni wakaja kujifunza kwetu. Jambo kubwa zaidi tulilofanya si mabasi yale, mabasi yanazeeka. Ni ile njia. Kwa mara ya kwanza katika mji huu mtu asiye na gari alipewa kitu barabarani ambacho mwenye gari hakupewa.

Na kitu hicho ndicho kinachoporwa kila siku, vipande vidogo vidogo, dakika mbili dakika mbili. Huyu amesimama kushusha mzigo. Yule kamsubiri mkewe anayetoka dukani. Mwingine gari limemzimikia, sawa, huyo tumhurumie, lakini kuna ambao magari yao yanazima mbele ya duka lilelile kila Jumamosi. Nakiri na mimi si malaika. Nimewahi kupanda boda ikapita humo kutoka Magomeni, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nachelewa. Nilichoogopa ni basi, sheria haikuniingia akilini hata kidogo. Na hapo ndipo penye tatizo letu wote.

Mtasema trafiki wapo. Wapo, lakini hebu fikirieni. Njia ina kilomita karibu 21 na huwezi kupanga askari kila mita 200. Askari akisimama Fire, mwenye gari anaegesha mbele kidogo. Halafu kuna kile kinachotokea pale dirishani, kioo kikishushwa. Pale wanakutana watu wawili, mmoja ana kitabu cha faini na mwingine ana simu yenye namba ya mkubwa fulani. "Afande, unajua naongea na nani?" Sina haja ya kuwasimulia yanayofuata, mmekaa kwenye viti vya mbele vya magari ya watu mkayasikia. Kwa askari mdogo, kumwandikia faini bosi wa wizara ni kujitakia uhamisho. Mimi nisingemwandikia. Kamera haina mkubwa wa kumpigia simu, na haihamishiki kwenda mkoa wa mbali.

Wengine mtasema tupandishe kingo ziwe ndefu. Kingo zipo tayari. Shangingi limetengenezwa kupanda milima, litashindwa kupanda kingo ya Msimbazi? Na kwenye makutano lazima uache nafasi, ndipo wanapoingilia.

Haya twende kwa wenzetu, kwa sababu jambo hili si ndoto yangu ya kwenye basi. San Francisco walianza kufunga kamera mbele ya mabasi yao mwaka 2008 kwa majaribio, na 2015 sheria ya jimbo la California ikaufanya mpango huo kuwa wa kudumu. New York walianza Oktoba 2019. Namna yao ya kufanya kazi naipenda, nieleze kidogo. Basi la kwanza likipita, kamera inapiga picha ya gari lililosimama kwenye njia ya mabasi: namba ya gari, mahali, saa. Hakuna faini bado. Dakika kadhaa baadaye linapita basi la pili la njia hiyohiyo. Likikuta gari lilelile mahali palepale, hapo ndipo kosa linahesabika. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anakata kona tu, au aliyepisha gari la wagonjwa, haingii kwenye mtego. Ushahidi unapelekwa kwa idara ya usafiri ya jiji, unakaguliwa, kisha mwenye gari anatumiwa barua. Kosa la kwanza dola 50. Ukirudia ndani ya mwaka inapanda 100, 150, 200, mpaka 250. Na njia mpya ikiwekewa kamera, siku 60 za mwanzo watu wanapewa onyo tu, hawalipi kitu.

Mnaona uzuri wake? Basi lenyewe ndilo askari. Halihitaji kupangwa zamu, linapita palepale kila baada ya dakika chache kutwa nzima, na linafika hasa mahali tatizo lilipo kwa sababu tatizo liko mbele yake. Mamlaka ya mabasi ya huko inasema wengi wa waliopigwa faini mara moja au mbili hawakurudia. Naamini, maana na mimi ningeacha.

Jamani, msiniambie sisi hatuna teknolojia hiyo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Egesha gari lako mjini kwenye maegesho ya kulipia, nenda kunywa chai, rudi nyumbani. Kijana aliyevaa kizibao ameshaingiza namba yako kwenye kimashine chake, na deni linakungoja kwenye mfumo mpaka ulipe kwa kontroo namba. Mfumo huo upo Dar tangu 2021. Trafiki wa tochi anakupiga picha ya mwendo, na unamkuta mwenzake kilomita mbele anakuonyesha gari lako kwenye simu, namba inasomeka mpaka vumbi lake. Deni la faini unaliangalia mwenyewe kwa kuandika namba ya gari. Kwa hiyo serikali inaijua namba ya gari langu vizuri sana pale inapodai shilingi mia tano ya maegesho. Inaisahau tu pale gari lilipoziba njia ya watu 120.

Sasa tuje kwenye hoja nzito, kwa sababu zipo, na sitaki kuzipita kama sizioni.

Kuna mshkaji wangu tunafanya naye kazi meza moja, aliniambia: "Wewe unalilia kamera wakati mabasi yenyewe hakuna. Watu wanasimama kituoni saa nzima, unadhani shangingi ndilo linalowachelewesha?" Ana haki. Kwa miaka mingi kilio kikubwa cha abiria wa njia ya Kimara kimekuwa uhaba wa mabasi, na kamera haizai basi. Lakini nilimchorea hesabu kwenye karatasi ya habari iliyokataliwa na mhariri. Chukua mfano tu: unataka basi lipite kila dakika 3. Kama kwenda na kurudi kunachukua dakika 90, unahitaji mabasi 30. Njia ikizibwazibwa, kwenda na kurudi kukafika dakika 120, unahitaji mabasi 40 ili abiria apate basi kila baada ya dakika zilezile 3. Mabasi 10 yamepotea, na hakuna lililoharibika hata moja. Yote yako barabarani, yanaunguza mafuta, yamejaa watu, ila hayafiki. Kama mabasi ni machache, basi hiyo ni sababu zaidi ya kutokubali yasimamishwe na mtu aliyeenda kununua bomba za sinki. Mshkaji akasema, "Hapo umenipata, lakini bado hakuna mabasi." Tukaenda kula.

Hoja ya pili: kamera zitaonea. Hii naiheshimu zaidi. Mwaka 2024 huko New York kwenyewe iligundulika kwamba kamera za mabasi zilitoa maelfu ya faini za makosa, wakiwemo watu walioegesha mahali panaporuhusiwa kabisa. Mashine iliambiwa vibaya, nayo ikatii. Zile faini zilibidi zifutwe na pesa za waliolipa zirudishwe. Sasa fikiria kosa kama hilo litokee hapa kwetu, halafu umwambie mama mwenye kigari chake cha kubebea vitumbua kwamba aende ofisi fulani, ghorofa ya tatu, chumba namba fulani, akathibitishe kwamba siku ile hakuwepo Msimbazi. Atalipa tu, hana siku tatu za kupanga foleni.

Kwa hiyo sisemi mzinunue mkazifunge kesho. Nasema zifungwe na masharti yake, na masharti hayo yaandikwe kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa. Picha ionekane na mtu mwenye macho kabla ya deni kutoka. Mwenye gari atumiwe picha yenyewe, na siyo maneno tu kwamba unadaiwa. Akipinga, apinge kwa simu yake, na deni lisimame mpaka ajibiwe. Picha zisizo na kosa zifutwe, maana tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na sitaki kusikia siku moja kwamba kamera ya basi imetumika kumtafuta nani alikuwa na nani kwenye gari mtaa gani. Kamera ya basi iangalie zege la njia ya mabasi, basi. Mambo ya ndani ya kioo siyo yake.

Waingereza wamepita hapo. Mwaka 2015, baada ya malalamiko mengi kwamba mabaraza ya miji yamegeuza kamera kuwa shamba la kuvuna pesa, Bunge lao lilipitisha sheria iliyobana sana matumizi ya kamera kuwatoza faini walioegesha vibaya huko England. Lakini njia za mabasi waliziacha nje ya marufuku hiyo, pamoja na vituo vya mabasi na alama za mbele ya shule. Yaani hata watu waliokuwa wamezichoka kamera walikubali kwamba kuna mahali pachache ambapo gari moja likisimama linaumiza wengi mno.

Na wenye maduka wa Kariakoo nao wasisahaulike. Mzigo lazima ushuke, hatuli hewa. Lakini mahali pa kushushia na saa za kushushia vipangwe na vijulikane, usiku upo na alfajiri ipo. Ukimnyima mtu pa kushushia halafu ukamtoza faini kwa kushushia, hapo na mimi nitaandika kukupinga.

Nije sasa kwenye ile herufi S.

Hoja ninayoisikia kila nikilizungumza jambo hili kwenye basi, kwa mama ntilie, kila mahali, ni moja. "Kaka, unafikiri watamtoza mkubwa? Zitatupiga sisi wenye IST tu." Na hapo sauti inashuka, mtu anaendelea kula.

Basi niwape kisa cha kweli. New York kuna makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na kuna wanadiplomasia wa dunia nzima wenye namba za magari za pekee. Kwa miaka mingi walikuwa na kinga: wakiandikiwa faini ya kuegesha vibaya, wakiamua kutolipa hakuna wa kuwafanya kitu. Wachumi wawili, Raymond Fisman na Edward Miguel, walizichukua rekodi hizo wakazichambua, na utafiti wao ulichapishwa 2007. Kati ya Novemba 1997 na mwisho wa 2002 wanadiplomasia hao walilimbikiza faini zaidi ya 150,000 zisizolipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Kuwait waliongoza kwa faini kwa kila mwanadiplomasia. Wenzetu wa Chad, Sudan na Msumbiji walikuwa juu pia. Wa Sweden, Norway na Canada hawakuwa na faini hata moja isiyolipwa, ingawa kinga yao ilikuwa ileile.

Watu wakisimulia utafiti huu huwa wanaishia hapo, wanacheka, wanasema unaona, ni utamaduni, wengine wamezaliwa wastaarabu. Mimi napenda sehemu inayofuata. Mwishoni mwa 2002 sheria ikabadilika. Jiji likapewa uwezo wa kuzing'oa namba za kidiplomasia kwenye gari la mkaidi, na deni likaweza kukatwa kwenye msaada wa Marekani kwa nchi husika. Makosa yakashuka kwa karibu asilimia 98. Wanadiplomasia walikuwa walewale, wa nchi zilezile. Hawakupelekwa semina ya maadili. Ghafla tu gari lao likawa gari kama magari mengine.

Faini zile zilikuwa za maegesho ya kawaida na ziliandikwa na askari kwa mkono. Lakini somo lake kwetu liko wazi mno: mtu mwenye namba isiyodaiwa huegesha kama mtu asiyedaiwa. Kwa hiyo msiniambie madereva wa mashangingi ni watu wa tabia mbaya. Dereva yule wa Msimbazi inawezekana kabisa ni mzee wa kanisa au mtu wa swala tano. Anafanya vile kwa sababu katika miaka yote ya kazi yake hakuna siku namba yake imeandikwa popote.

Na hapa kuna mtego ambao nauona unakuja, tuuwahi. Tuseme kamera zimefungwa na gari la serikali limepatikana na kosa. Nani analipa? Ofisi ikilipa, imelipa kwa pesa ya kodi. Yaani serikali inajitoza faini yenyewe, pesa inatoka mfuko wa kushoto inaingia mfuko wa kulia, na suruali ni yetu. Dereva haumii, bosi wake hajui hata kama kuna kosa. Faini ya gari la umma lazima itoke mshahara wa mtu. Kama dereva aliamua mwenyewe, itoke kwake. Kama bosi alikuwa kiti cha nyuma akamwambia "simama hapo nichukue mzigo wangu", itoke kwa bosi, maana dereva wa serikali hana ubavu wa kumkatalia bosi wake na wote tunalijua hilo. Kwa miaka mingi faini ya papo kwa papo imekuwa shilingi 30,000. Kwa mtu wa kiti cha nyuma hiyo ni chai. Iwe inapanda kama ya New York, kila ukirudia inaongezeka, mpaka ifike mahali hata yeye aulize nyumbani.

Gari la wagonjwa, zimamoto, polisi walio kwenye dharura, hao wapite, hakuna mwenye akili anayelipinga hilo. Lakini dharura ina king'ora na ina mgonjwa au moto. Kuchelewa kikao si dharura. Sisi abiria wa mwendokasi tunachelewa vikao kila siku na hatujaomba king'ora.

Ningependa kitu kimoja zaidi, na hiki hakina gharama yoyote. Kila mwezi ichapishwe idadi ya magari yaliyonaswa, yakipangwa kwa aina ya namba: ya watu binafsi mangapi, ya biashara mangapi, bodaboda ngapi, ya serikali mangapi, ya mashirika ya umma mangapi, ya miradi ya wafadhili mangapi. Pembeni yake iandikwe kila kundi limelipa kiasi gani. Majina yasiwekwe. Sisi waandishi tupewe karatasi hiyo moja, kazi iliyobaki tutaifanya. Kama mwezi wa kwanza magari ya serikali yatakuwa sifuri, wakati abiria wote wa njia hii tunayaona kwa macho yetu, tutajua kamera zimefunzwa kusalimia.

Nimesikia pia hoja kwamba kamera zikija, watu watajificha namba kwa matope na karatasi. Watafanya hivyo, ndiyo, Mbongo hakosi ujanja. Lakini gari la ofisi lenye namba iliyopakwa tope mjini, mwezi wa nane, jua linawaka, hilo hata trafiki mvivu atalisimamisha.

Tulipofika Gerezani, mama yule wa dirishani alishuka akikimbia. Alikuwa anawahi mzigo wa jumla, wanaofika mwanzo ndio wanaochagua. Sijui kama aliwahi. Mimi nilifika kwenye mkutano wangu na waandishi wakati msemaji anakunja karatasi, ikabidi niombe rekodi kwa mwenzangu wa gazeti pinzani, na mnajua hiyo aibu ilivyo.

Picha ya lile shangingi ninayo. Niliipiga kupitia kioo cha mbele cha basi, nikiwa nimenyoosha mkono juu ya kichwa cha mzee mmoja ambaye alinisogelea pembeni ili niipate vizuri. Sitaiweka humu, mimi siyo mahakama. Lakini nimeiangalia tena usiku huu. Namba inasomeka yote. Zege la njia ya mabasi linaonekana, ukingo wa kituo cha mbele unaonekana, taa za tahadhari zinawaka, na chini pameandikwa tarehe na saa yenyewe, saa 3:41 asubuhi. Simu niliinunua Msimbazi hapohapo, laki mbili na nusu, imeshatumika.